Mama anajua mazuku, direkta anasema si sayansi: jibu kwa mwanafunzi wa Goma

Swali limetoka kwa mdogo wetu mmoja anayemaliza sosioloji hapa Goma, nalifupisha kidogo (mazuku ni ile gazi ya sumu inayotoka ardhini, nitaieleza mbele; memware ni tasnifu ya kumaliza masomo, na direkta ni mwalimu anayeisimamia): "Yaya, memware yangu iko juu ya namna watu wa upande wa Kyeshero na Bulengo wanaishi na mazuku. Nimeongea na mamas wengi, wananieleza mambo kabisa, nikapeleka kurasa za kwanza, direkta akaandika pembeni na biki nyekundu: haya ni mawazo ya mtaani, teori iko wapi? Rafiki yangu naye ananiambia niandike kwamba ni maarifa asilia, na kwamba direkta bado ana akili ya mkoloni. Nifuate nani? Vile hawa mamas wanajua, ni akili ya kawaida tu ao ni elimu?"

Mdogo wangu, nimecheka kidogo juu ya ile biki nyekundu, kwa sababu na mimi ilinipata, miaka imepita mingi, na maneno yalikuwa karibu yale yale. Direkta wako ana haki nusu, rafiki yako ana haki nusu, lakini wote wawili wanakuvuta kwa swali la nani mwenye maarifa, mtaa ao inivesite, asilia ao mzungu, na hakuna hata mmoja aliyekuuliza kitu cha kwanza kabisa: hawa mamas wanajuaje? Na wakikosea, nini inawarudisha njiani?

Tuanze na direkta, tusimseme bure. Ile alama yake inatoka shuleni (dharau inaweza kuwepo pia, simjui mtu). Sosioloji tuliyofundishwa sisi ni ya Kifaransa, na huko Durkheim tangu 1895 aliweka sharti kwamba kabla ya kuanza kazi uweke pembeni mawazo uliyokuja nayo kutoka nyumbani, uchukue mambo ya jamii kama vitu, uyatazame toka nje kama vile hujawahi kuyaona. Bachelard, mwanafalsafa wa sayansi wa huko huko, mwaka 1938 akakaza kamba zaidi, yeye kwake sayansi inasonga kwa kuachana na kile tulidhani tunajua tayari. Sasa angalia vizuri hilo sharti lilimwendea nani. Lilimwendea mtafiti mwenyewe, yaani wewe, yaani direkta, yaani mimi. Halikuwa la kumwambia mama muuza makaa kwamba hajui kitu. Hapa kwetu limegeuzwa likawa kama ruhusa: mtu akipata diploma anaona kila kinachosemwa mtaani ni ujinga, isipokuwa kile anachosema yeye mwenyewe akiwa kwa barza jioni.

Sasa nikupeleke kwa mama mkubwa wangu, kwa sababu bila yeye nitaendelea kukutajia wazungu tu.

Mama mkubwa anaishi upande huo huo unaofanyia ankete (utafiti) yako, parseli (kiwanja) yake iko kwa mteremko, mawe meusi ya volkano kila pahali, na chini yake kuko kibonde kidogo chenye majani mazuri kabisa ya mbuzi. Mazuku iko hapo. Wewe unajua, lakini wengine watasoma hii wakiwa mbali: mazuku ni gazi ya karboniki, ile CO2, inayotoka kwa nyufa za ardhi, inashinda hewa ya kawaida uzito karibu mara 1.5, kwa hiyo inalala chini kwa mashimo na mabonde sawa vile maji, haina rangi, haina harufu, na anayeingia anaanguka kabla hajaelewa kitu. Watoto na mbwa ndio wa kwanza, juu pua zao ziko chini. Usiku na alfajiri ni mbaya zaidi, jua likitoka na upepo ukipita inapungua. Neno lenyewe "mazuku" limetoka hapa, wataalamu wa volkano wa dunia nzima wanaliandika hivyo hivyo katika makala zao, yaani katika hiyo elimu yao kuko neno ambalo walilikopa kwa watu ambao direkta anasema hawana teori. Hiyo peke yake haithibitishi kitu, lakini mimi inanifurahisha.

Siku moja walikuwa wanachimba shimo la choo kwa jirani, vijana wawili, wamefika chini kama mita mbili hivi, wakapumzika kula, na kabla hawajarudi mama mkubwa akaja na buji (mshumaa). Akaifunga kwa kamba ya nailoni, akaiwasha, akaishusha polepole. Hakusema kitu. Moto ulikuwa mzuri hadi karibu nusu ya shimo, halafu ukawa mrefu na mwembamba, ukaachana na utambi, ukazima. Kitu ambacho sitakisahau ni moshi. Moshi wa buji iliyozima siku zote unapanda, si ndiyo? Ule haukupanda, ulitandaza, ukalala mle ndani kama kitambaa juu ya meza, na mama mkubwa akaonyesha kwa kidole: "Uso wake njo ule pale." Yaani alikuwa anatuonyesha uso wa kitu ambacho hakuna mtu anayekiona. Vijana hawakushuka siku hiyo, walirudi saa nane mchana upepo wa ziwa ukiwa umeanza, na walirudia buji kwanza.

Lakini si hapo nataka uangalie. Angalia hii nyingine. Zamani mama mkubwa alikuwa akituambia sisi watoto: msishuke kwa kibonde asubuhi. Sheria ilikuwa ya kibonde. Halafu jirani wa pembeni akajenga ukuta wa mawe kuzunguka parseli yake, ukuta mrefu bila tundu, na kisha miezi michache kuku wakaanza kufa chini ya ule ukuta, pahali ambapo si shimo, pahali tulikuwa tukicheza mpira. Watu wakasema sumu, wakasema jirani. Mama mkubwa alikaa siku kadhaa anatembeza buji yake, halafu akabadilisha maneno. Sasa anasema: "Si shimo. Ni pahali upepo haupite." Uone hiyo ruka! Alikuwa na sheria ya pahali pamoja, kitu kikatokea ambacho sheria haikukitazamia, akatoka na sheria pana zaidi inayoeleza kibonde, ukuta na shimo la choo pamoja, na mtu anaweza kuijaribu kesho kwa parseli nyingine. Mdogo wangu, hiyo tuiite jina gani kama si teori?

Sasa usikimbie kumpa mama mkubwa taji, njo kosa la rafiki yako. Kwa sababu mama mkubwa huyo huyo, kwa mdomo huo huo, anasema mtu aliyepigwa na mazuku apewe maziwa. Maziwa yanaua sumu, anasema. Na hapo hajabadilisha mawazo hata siku moja tangu nimjue. Kwa nini kwa ukuta aliweza na kwa maziwa hawezi? Nimefikiri sana hii. Ukuta ulimpa jibu mbaya, kuku walikufa mbele yake. Maziwa hayawezi kumpa jibu mbaya, kwa sababu anayepewa maziwa ni yule ambaye tayari amevutwa nje, anapumua hewa safi, na kama hakuwa amekaa mle ndani sana ataamka tu, maziwa ao bila maziwa. Aliyekufa hapewi maziwa. Kwa hiyo kila siku maziwa yanashinda. Hiyo si ujinga wa mama mkubwa, ni namna jambo lenyewe limepangwa, linaficha kosa. Na kuko dawa nyingi za hospitali zilizokaa miaka mingi kwa njia hiyo hiyo mpaka watu wakaanza kugawa wagonjwa makundi mawili na kulinganisha.

Kwa hiyo ukiniuliza akili ya kawaida ni nini, nakujibu hivi: ni fungu ambamo buji na maziwa vinakaa pamoja na hakuna anayeuliza kipi kilijaribiwa na kipi hakikujaribiwa. Gramsci aliliona hili akiwa ndani ya gereza la Mussolini, madaftari yake aliyaandika kati ya 1929 na 1935, Mtaliano wa kisiwa cha Sardinia, kwao maskini, njo maana labda hakuwadharau watu wa kijijini kama wenzake wa mjini. Alisema akili ya watu wote ni mchanganyiko, vitu vya zamani sana vinakaa pembeni ya sayansi mpya, kanisa pembeni ya siasa, hakuna aliyeipanga. Lakini ndani yake kuko kiini kizuri, na kazi ya msomi ni kukikuza hicho kiini pamoja na watu wenyewe, si kuleta kutoka nje kitu kipya kabisa. Na yeye alianza na hii: kila mtu ni mwanafalsafa, hata kama hajui. Kama direkta anataka jina la teori kwenye memware, huyo hapo, ni jina zito, hatalikataa.

Kuko tabaka jingine utakutana nalo na litakusumbua, bora ulijue mapema. Mama mmoja atakueleza gazi vizuri, upepo, saa, kila kitu, halafu mwisho atakuambia mtoto wa fulani alirogwa. Usiandike "anaamini uchawi, kwa hiyo haelewi gazi". Evans-Pritchard, mwanaanthropolojia Mwingereza, alikaa na Wazande, watu ambao wengine wako huku kwetu upande wa Uele, na kitabu chake cha 1937 kuko ile mfano maarufu ya ghala. Ghala la nafaka linaanguka, linaua watu waliokaa kivulini chini yake. Wazande wanajua mchwa walikula nguzo, hakuna haja ya kuwafundisha. Wanajua watu walikaa pale juu ya jua kali. Wanachouliza ni kwa nini ghala lianguke saa ile ile watu hawa wamekaa pale. Hilo swali sayansi haijibu, inasema tu bahati mbaya, na mama aliyefiwa hawezi kulala na neno bahati mbaya. Kwa hiyo kwenye ankete yako tenganisha: swali la gazi inafanyaje, na swali la kwa nini mtoto huyu. Majibu mawili ya maswali mawili. Ukiyachanganya ndio utamuonea mama, na direkta atakuwa na haki yote, si nusu.

(Na kuko swali la tatu ambalo wewe mwanasosioloji unapaswa kuliuliza hata kama mama halisemi: kwa nini mtoto huyu alikuwa anaishi hapo? Parseli iliyo juu ya mazuku bei yake iko chini. Wakati kambi za wadeplase (watu waliokimbia vita makwao) zilikuwa zimejaa upande wa Bulengo na Lac Vert, watu waliotoka Masisi na Rutshuru walilala katika hema kwa ardhi ambayo wenye kuijua hawangelaza mbuzi wao. Hao watu si wajinga, wanajua ng'ombe, wanajua baridi ya milima, wanajua mengi ambayo mama mkubwa hajui, lakini lile la buji lilibaki kwa majirani, halikufika kwa hema. Maarifa na yenyewe iko na ukuta.)

Hii inanipeleka kwa mlima wetu wa volkano, Nyiragongo, nisipousema mtu wa Goma atanishangaa. Wengi wetu akili yetu ya volkano ni ya 2002. Tarehe 17 Januari lava ilikata mji, ikafika mpaka ziwa, lakini ndani ya mji ilitembea polepole, watu walibeba magodoro kwa chukudu (yale magari ya mbao ya kusukuma), wengine walirudi kutoka Gisenyi ya Rwanda kisha siku chache tu ingawa waliambiwa wasirudi. Kutoka hapo mji wote ukapata sheria yake: lava unaikimbia kwa miguu. Lakini wazee walioona ile ya tarehe 10 Januari 1977 wana sheria nyingine, mwaka ule ziwa la lava juu ya Nyiragongo lilimwagika kwa muda usiofika saa moja, na kule juu kwa miteremko ilikimbia hadi karibu kilometa 60 kwa saa, gari ya hapa kwetu haifanyi hiyo. Wazee hao ni wachache sasa, na waliofika Goma kisha 2002 ni wengi sana. Kwa hiyo hata hiyo tunayoiita hekima ya watu wa Goma ina umri, ina wenye kuibeba, inaweza kusahau. Mwaka 2021, tarehe 22 Mei, jumamosi jioni, mlima ulitoka bila tangazo. Sisi tulikuwa tumezoea mwanga mwekundu usiku, tukisema unapumua vizuri. Wenye mashine nao hawakutuambia kitu kabla, na miezi kadhaa kabla ya hapo obsevatwari (kituo cha kuchunguza volkano) ilikuwa imekaa bila intaneti ya kupokea data kwa sababu pesa ilikatika. Buji ilikosa na mashine ilikosa, kila moja kwa sababu yake, na sababu hizo njo mambo ya sosioloji. Tarehe 27 Mei walipotangaza watu wahame, nadhani hukuwa mdogo sana, unakumbuka mwenyewe ile barabara ya Sake.

Sasa neno la rafiki yako, asilia. Hapo niwe mkali kidogo. Linda Tuhiwai Smith, Mmaori wa New Zealand, aliandika mwaka 1999 namna utafiti ulivyokuwa silaha kwa watu wake, wazungu wanakuja, wanachukua, wanaondoka wanakuwa maprofesa, na anachosema kiko kweli, kisome. Lakini ukileta lile neno Kivu bila kulivua viatu, utaharibu. Kwake kuko Wamaori na kuko waliokuja na meli. Huku kwetu neno wenyeji limeua watu, wewe unajua ni mara ngapi mtu ameulizwa nani mwenyeji na nani mgeni na kilichofuata. Kisheria, Kongo ina sheria ya Julai 2022 ya kulinda Watu wa Asili Mbilikimo, na ikiwa unaongea juu ya Batwa na msitu, sawa, neno liko pahali pake. Lakini kujua mazuku si mali ya kabila. Mama mkubwa si wa ukoo wa zamani wa pale, alifika pale kwa ndoa, alifundishwa na jirani wa kabila lingine, naye akamfundisha mpangaji wa kabila la tatu. Ukiandika "maarifa asilia ya watu fulani" umemnyang'anya jirani kazi yake, na umempa mwanasiasa kitu cha kusema.

Paulin Hountondji, mwanafalsafa wa Benin, alifariki 2024, njo nakushauri umkamate kwa hapa. Aliwapinga sana wale waliosema "Mwafrika anafikiri hivi, Mbantu anafikiri vile", na unajua ile hadithi ilianza kwa nguvu huku huku kwetu Katanga, na padri Mbelgiji Tempels na kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu mwaka 1945. Hountondji aliuliza, hao Wabantu wote wanafikiri kitu kimoja, hakuna anayebisha? Hakuna mwenye jina? Yeye aliongea juu ya maarifa ya ndani, yaliyokuzwa pahali, na akataka yaingie kwa mabishano, yajaribiwe, yasikae kama kinyago ndani ya vioo. Hiyo inakufaa kuliko asilia.

Kwa hiyo fanya hivi na zile kurasa. Usizitupe. Rudi kwa mamas walewale, na usiwaulize tena mazuku ni nini, hiyo umeshapata. Waulize: nani alikufundisha, na alikuonyesha nini kwa macho? Kuko kitu ulikuwa unasema zamani na sasa husemi tena? Wewe na jirani mkibishana juu ya pahali fulani, mnajuaje nani ana haki? Mpangaji mpya akifika, nani anamwambia, na siku ya ngapi? Utaona wengine watakuambia "ni hivyo tu, kila mtu anajua", na hapo una akili ya kawaida safi kabisa. Wengine watainuka kukuonyesha ukuta. Usizipange kwa kabila ao kwa elimu ya shule, zipange kwa hilo. Kisha nenda kamuulize mtu wa obsevatwari maswali yale yale, neno kwa neno, hasa lile la kitu ulikuwa unasema zamani. Chapita hiyo direkta hataigusa na biki nyekundu, ao akiigusa utakuwa na cha kumjibu.

Uliuliza pia mwishoni kama uweke majina ya mamas ama herufi tu. Waulize wenyewe, mmoja mmoja, wengine wana sababu zao za kutotaka. Mimi nilimuuliza mama mkubwa wakati wangu. Akauliza ile kitabu itafika kwa wapangaji wa chini? Nikasema hapana mama, iko ya Kifaransa, inabaki kwa biblioteki. Akasema basi weka jina lako, na akaendelea kupepeta mchele. Niliweka herufi, bado inaniuma kidogo. Kama unaweza, rudi na kurasa mbili za Kiswahili uwasomee pale pale kwa barza, watakusahihisha, na masahihisho hayo pia ni data.

Kipande cha method ukimaliza nitumie nikiangalie. Kipande tu, usinitumie PDF yote, simu yangu haifungui.